Kumbikumbi wa Umoja

Ayuma alirudi kutoka kiwandani miguu ikiwa imevimba kwa kusimama. Siku nzima alikuwa akipiga pasi mashati, na alichotaka sasa ni kujitupa kitandani. Lakini Chui alishasimama mlangoni, mkia ukipigapiga ukuta.

Chui alikuwa mbwa wa mama yake. Mama alipougua na kutakiwa kuja kutibiwa Nairobi, alikataa katakata kumwacha nyumbani Lugari, basi Opicho, kaka yake Ayuma, akawaleta wote wawili kwa lori la mahindi. Mwenye ploti ile ya vyumba vya kupanga alimkubali mbwa kwa sharti kwamba asichafue uani. Ndiyo maana kila jioni, apende asipende, Ayuma alimtoa nje.

"Umekula, Mama?" aliuliza akifunga kamba shingoni mwa Chui.

Mama hakugeuka. Alikuwa amelala akitazama ukuta, na uji wa asubuhi ulikuwa palepale, umeganda. Tangu aje hakuwa akila ila kijiko kimoja kimoja, na maneno yake yalikuwa machache kuliko hivyo vijiko.

Mvua ilikuwa imenyesha mchana. Ayuma alitembea bila kutazama chochote, akiruka madimbwi kwa mazoea tu, mpaka walipofika ukingo wa uwanja wa mpira wa mtaa wao wa Umoja. Hapo Chui akakaa chini. Akamvuta, mbwa hakuinuka.

"Twende, Chui. Nakuomba, nimechoka."

Chui alikuwa ameinamisha pua kwenye ufa wa ardhi kando ya mtaro. Ayuma akachuchumaa, si kwa udadisi bali ili apumzishe miguu. Akaona ufa unachezacheza. Wadudu wenye mabawa marefu, laini kama ganda la kitunguu, walikuwa wakisukumana kutoka, wakipanda majani, wakipepea, wakiruka. Juu yao ndege aina ya vijumbamshale walipita kwa kasi wakiwadaka hewani. Vyura walikuwa wakilia mtaroni, na harufu ya udongo mbichi ikampanda puani hata akasahau moshi wa magari ya barabara ya Outer Ring.

"Kumbikumbi," alisema peke yake.

Ng'ambo ya njia, jirani yake Beldina, aliyekuwa akikaanga samaki chini ya balbu, alikuwa akiwafukuza kwa kipande cha katoni.

"Jirani, hawa wadudu wananiingilia mafutani! Na wewe, mbona umekaa matopeni? Unaumwa?"

"Nimechoka tu. Una karai?"

Beldina akamtazama, kisha akacheka. "Kumbe unawala! Hata sisi kwetu Siaya tunawala."

Akaweka karai la maji chini ya balbu, na kumbikumbi wakaanza kutumbukia. Wanawake hao wawili wakawaokota, huku Chui akilamba waliobaki chini.

Nyumbani, Ayuma aliwaondoa mabawa, akawakaanga bila mafuta, kwa chumvi kidogo. Harufu ikajaa chumba. Kitanda kikalia kwaa.

"Hao wametoka wapi?" Mama aliuliza. Alikuwa ameketi.

"Hapo uwanjani, Mama. Chui ndiye aliyewaona."

"Nairobi kuna kumbikumbi?"

"Hata mimi sikujua."

Mama akachota wachache, akatafuna polepole, akafumba macho. Akachota tena. "Hawa hawaliwi hivi hivi," alisema kwa sauti ya zamani, ile ya kuamrisha. "Ugali uko wapi?"

Ayuma alisonga ugali akiwa ameegemea ukuta, mwiko ukimshinda nguvu. Mama akala matonge mawili, la tatu akampa Chui.

Ayuma alitamani kufurahi ipasavyo, lakini mwili ulikuwa umekwisha. Aliketi mkekani akiwa bado na viatu vyenye tope. Mama alikuwa ameanza kusimulia habari za kichuguu fulani nyuma ya jiko la nyanya yake, na Ayuma akawa anaisikia sauti tu, maneno yakimpotea moja baada ya jingine, mpaka usingizi ukamchukua.