Geti la Stoo ya Tumbaku

Mwaka wa sabini na tisa nilikuwa sajini wa lindo, geti la kambi yetu ya jeshi, Arua. Asubuhi moja yakaja magari matatu ya wakubwa, magodoro juu, mbuzi ndani. Nikanyanyua mti wa kizuizi. Nikapiga saluti mpaka kiatu kikalia. Kumbe wanatoroka, na sisi wadogo hakuna aliyetuambia neno. Siku ya tatu vita vikatufikia. Mke wangu Madina alitembea na mimba kutoka kijijini Kuluba kwenda ng'ambo ya mpaka, akafia njiani. Keji, binti yetu, nilimbeba mgongoni. Wale wakubwa leo wananenepa. Mimi saluti ile sijaisahau.

Miaka kumi na mitano baadaye kampuni ya ulinzi kutoka Kampala ilinichukua niwafundishe walinzi ishirini, uwanja wa Manibe. Kusoma sijui sana, lakini kwata najua. Keji alikuwa mmoja wao. Vijana walicheka: "Sajini Sule, huyu mutoto yako ataogopa hata mbuzi!"

Nikawaambia: "Geti haifunguliwi kwa gari. Inafunguliwa kwa karatasi. Mkubwa ndiyo muulize mara mbili."

Siku ya mtihani Keji alipewa geti la stoo ya tumbaku, Arua mjini, mimi na wenzake tukitazama kando. Sheria ya kampuni: anayeingia aonyeshe kitambulisho. Mlinzi akikosea, arudi kulima. Ikaja Pajero na honi, ndani mkurugenzi wa kampuni mwenyewe.

"Simama! Kitambulisho, mzee."

"Wewe msichana, hunijui mimi?"

"Nakujua, mzee. Kitambulisho."

"Nimekiacha hotelini. Fungua!"

"Basi hoteli iko pale tu, mzee. Si mbali."

Walinzi wakaficha midomo. Mkurugenzi akanigeukia, shingo imevimba. "Sajini, mwambie afungue, au mtaenda kulima wote wawili leo."

Mkono wangu ulitaka kupanda. Ni mkono wa zamani, umezoea wakubwa. Nikaushika kwa mwenzake, nyuma ya mgongo.

"Zamu iko kwake, mzee. Mimi hapa ni mpita njia tu."

Pajero ikageuka kwa vumbi. Tukangoja. Keji hakunitazama hata mara moja. Ikarudi, kioo kikashuka, kadi ikatoka. Akaisoma mbele, akaisoma nyuma, ndipo akanyanyua mti na kupiga saluti. Ile ndiyo saluti.

Mimi walinifukuza jioni ile, eti nafundisha kiburi. Keji walimwacha; ujinga wao haukufika huko, tumbaku waliyolipwa kuilinda ilikuwa ndani.

Sasa kila Jumamosi natoka shambani Koboko na mihogo ya Keji. Nafika getini, ananitazama kama vile sikumbeba mgongoni.

"Kitambulisho, baba."

Sina. Nasimama nje juani na mihogo yangu mpaka zamu yake iishe, na kila anayepita namwambia: yule pale ni wangu.