Tikiti ya Nsanzimana

Siku ya soko Védaste alikuwa akipakua magunia ya makaa pale Kituku, kando ya ziwa, alipoona karatasi imenasa kati ya mawe meusi ya ufukweni. Aliikunjua, akaianika pajani. Ilikuwa tikiti ya loteri ya koloni, na pembe moja ilikuwa na damu. Aliwauliza waliokuwa karibu kama kuna aliyedondosha kitu. Wote walisema hapana, maana namba za ushindi zilikuwa hazijasomwa.

Ziliposomwa, na ile ikawa imeshinda, watu wengi walikumbuka kuwa wamepoteza tikiti. Védaste hakumpa yeyote, kwa sababu hakuna aliyetaja damu. Grégoire, mwenye mtumbwi mkubwa wa kuvusha abiria kwenda kisiwa cha Ijwi, alimwambia wagawane. Védaste alipokataa, Grégoire na wapiga kafi wake walimwangusha kwenye mawe, wakampiga mateke mpaka meno ya mbele yakatoka. Tikiti hawakuiona, alikuwa ameishonea kwenye mshipi wa kaptula.

Jioni ile mwenye tikiti alikuja. Alikuwa Nsanzimana, muuza ngozi wa Masisi, ambaye ilisemekana amezama ziwani juma lililopita. Maji yalimtiririka, na upande mmoja wa kichwa ulikuwa umebonyea. Védaste alimpisha karibu na moto.

"Papa, ile tikiti ni yangu," Nsanzimana alisema. "Grégoire alinipiga kafi ku kichwa juu ya kuitaka ile tikiti. Nikaanguka nayo mu maji. Umupe bibi yangu, Mukagasana."

Védaste alitaka kufanya hivyo. Lakini aliogopa kwamba mjane yule angeitwa mwizi, kwa kuwa sheria ilitaka kitu kilichookotwa kipelekwe polisi. Kesho yake wakaenda pamoja, yeye, marehemu na mjane.

Mkuu wa polisi, Mbelgiji, aliamuru Nsanzimana akae barazani, asiloweshe sakafu. Aliichukua tikiti, kisha akamwomba Nsanzimana kitambulisho. Kilikuwa chini ya ziwa. Mkuu akawaeleza bila ukali kwamba kitu kilichopotea hurudishwa kwa mwenyewe, na mwenyewe sharti awe hai. Mke naye asingeweza kurithi, kwa kuwa ndoa yao ya mahari ya ng'ombe haikuandikwa ofisini. Nsanzimana akainamisha kichwa, akamtaja aliyemuua. Mkuu alipapasa kidonda kwa kidole, akakifuta kidole, akasema mashtaka ya mauaji huletwa na jamaa wa marehemu.

"Marehemu ni mimi," Nsanzimana alisema.

"Ndiyo sababu. Wewe si jamaa yake."

Mukagasana alisema basi atashitaki yeye. Aliambiwa arudi Jumatatu. Jumatatu, njiani, Grégoire alimngojea na kafi, akamvunja taya. Alifika ofisini akiwa ameshika uso kwa mikono miwili, kitenge kimeloa damu kifuani. Karani alimngoja kwa heshima, kisha akaandika kwamba mlalamikaji hakusema neno.

Grégoire alikuja na wapiga kafi wake, wote hai, wote na vitambulisho. Walisema tikiti ilidondoka kutoka mtumbwini mwake. Akapewa.

Védaste alihukumiwa kwa kukaa na kitu cha kuokota. Walimlaza kifudifudi mbele ya bendera, wakamchapa fimbo ya ngozi ya kiboko mpaka mgongo ukafunguka. Nsanzimana alichuchumaa upande wa kichwa chake, akamshika mkono. Mkono wa maiti ulikuwa baridi, na ulimsaidia kidogo.

"Unisamehe, ndugu yangu," Nsanzimana alisema.

Védaste alijibu kwamba hana kinyongo naye. Lakini kama angejua, angempa mama yule tikiti usiku uleule, bila kuuliza sheria inasemaje.

Baadaye Grégoire alifunga injini kwenye mtumbwi, wa kwanza pale Kituku. Nsanzimana alizoea kupanda kila jioni na kukaa nyuma, karibu na injini. Abiria walivuta nguo zao ili zisilowe, wakaendelea na mazungumzo. Grégoire hakumfukuza. Alisema hana uzito.

Mukagasana, ambaye taya lake liliunga upande, alianza kwenda Ijwi kununua maharage ya kuuza. Mara ya kwanza alipopanda, Nsanzimana alisogea, akampa nafasi. Grégoire alinyoosha mkono, akamtoza mjane nauli, kisha akavuta kamba ya injini.