Ufa Uliopitisha Dhahabu

Siku mama mkwe wake alipofika, mjiolojia alikuwa ameshaambiwa na meneja wa mgodi kwamba kazi ya kumtafuta mumewe imesitishwa. Mwamba ulikuwa bado unashuka. Kila walipoondoa kifusi, kingine kilimwagika, na waokoaji wawili walikuwa wameshaumia. Meneja aliyasema hayo akiwa ameinamia viatu vyake, kisha akaongeza, "Mama yake yuko njiani. Tumeona ni vizuri umweleze wewe."

Mumewe alikuwa msimamizi wa zamu chini ya ardhi. Wachimbaji walimwita Twiga, maana mgodi mzima haukuwa na dari ambayo hakuwahi kuigonga kwa kichwa. Mke alisoma miamba, mume akaichimba. Mezani waligombana kuhusu mawe kama wengine wanavyogombana kuhusu mashemeji. Siku mwamba uliposhuka, Twiga aliwafukuza vijana wake watoke mbio, akabaki nyuma kuhakikisha hakuna aliyesahaulika. Hakuna aliyesahaulika. Ila yeye hakutoka.

Mama mkwe aliingia na sanduku dogo, na chini ya kwapa shuka jeupe jipya la kumzikia mwanawe.

"Yuko wapi?"

"Karibu ukae kwanza, mama."

"Nimekaa kwenye basi kutwa nzima. Mwanangu yuko wapi?"

Mjiolojia alijikaza, akamwambia yote. Bibi yule hakulia. Alilipapasa lile shuka mapajani kama anayenyoosha mikunjo.

"Siku zote hizi wanatoa mawe huko chini," alisema. "Mtu mmoja ndiyo wanashindwa?"

Majirani walikuja kuhani, wakasema yanayosemwa. Mmoja akamshika bibi mkono: "Ndiyo hivyo mama, ajali haina kinga."

"Kinga alikuwa nayo," akajibu. "Alikuwa ameivaa kichwani."

Wawili watatu walicheka kabla hawajajua wanacheka, kisha chumba kizima kikaangua kilio.

Kesho yake asubuhi alimwita mkwewe jikoni. "Nipeleke nikakione hicho kilichomuua."

Mjiolojia akampeleka kwenye ghala la sampuli. Humo, katika visanduku virefu, zililazwa nguzo nyembamba za mawe zilizotolewa ardhini kwa mashine ya kuchoronga. Alichagua moja ya kijivu, iliyokatwa katikati na mstari mweupe kama mfupa.

"Huu mweupe ndio mshipa. Humu ndimo dhahabu ilimo."

"Iko wapi?"

Akamwonyesha kwa ncha ya kalamu. Mama mkwe alisogeza miwani, akainama, akatafuta, mwisho akaona kitone cha manjano, kidogo kuliko chembe ya chumvi.

"Hii?"

"Ndiyo, mama."

"Hii hii?" Akaanza kucheka, kicheko kikavu kisichokatika, mpaka akakaa juu ya kisanduku kitupu. Hapo ndipo alipolia. Mjiolojia alipiga magoti sakafuni akamkumbatia kiunoni, wakalia pamoja.

Walipotulia, bibi aliuliza, "Nani aliiweka humo?"

"Maji." Alifuta pua kwa mkono wa shati. "Zamani sana, kabla hajakuwapo mtu, kulikuwa na maji ya moto mno chini kabisa. Yalikuwa yamebeba dhahabu, imeyeyuka ndani yake kama chumvi kwenye mchuzi, huioni. Ardhi ikitetemeka, mwamba unapasuka, na maji yanapanda kwa nguvu kupitia ule ufa. Yakifika pale penye nafasi, yanapumua ghafla, nguvu ya kubeba inayaishia. Yanautua mzigo hapo hapo, dhahabu pamoja na hili jiwe jeupe. Ufa unaziba. Halafu ardhi inatetemeka tena, unapasuka upya, maji yanapanda tena. Hivyo hivyo, mara nyingi mno."

"Na shaba? Na risasi?"

"Nyingi zilikuja kwa njia kama hiyo."

Bibi alitembeza kidole juu ya mstari mweupe. "Kwa hiyo dhahabu inakaa palipovunjika."

"Ndiyo, mama."

"Na palipovunjika ndipo panapoanguka."

Mjiolojia alifungua kinywa aeleze habari za vyuma vya kushikilia dari, za nyavu, za vipimo walivyochukua kila zamu. Akayaacha hayo yote. Alitikisa kichwa kukubali.

Meneja hakuwakatalia kushuka. Walivaa kofia ngumu na buti, lifti ikawateremsha, wakatembea na mwokoaji mmoja hadi kwenye ukuta wa zege uliojengwa kuziba handaki alimobaki Twiga. Joto lilikuwa kali. Pembeni mwa ukuta maji yalichuruzika, na bibi akayagusa.

"Yana moto. Ndiyo yale?"

"Hapana, mama. Haya ni ya mvua tu. Yamezama, mwamba ukayapasha moto."

Alitandika lile shuka chini ya ukuta, akalinyoosha pembe zote, akamwita mwanawe kwa jina la utotoni ambalo mkewe hakuwahi kulisikia. Mwokoaji alizima taa yake ya kichwani, akageuka upande.

Kabla mwaka haujaisha, meneja alimuuliza mjiolojia kama mshipa unaendelea upande wa pili wa pale palipoporomoka. Angeweza kusema hajui. Alisema kweli: unaendelea, tena ni mnene. Kisha akaaga kazi, akahamia kwa mama mkwe, akawa anafundisha sayansi katika shule ya pale. Ndugu zake walimshangaa. Ukoo uliobaki bila mtoto wala kaburi, walisema, unamshikia nini?

Alasiri moja simu iliita. Alikuwa mmoja wa vijana waliofukuzwa na Twiga siku ile. Walikuwa wamekizunguka kifusi kwa chini, wameufikia mshipa. Dhahabu ya kuonekana kwa macho, alisema.

Mjiolojia alimweleza mama mkwe, aliyekuwa akichambua maharage kwenye sinia. Hakuuliza habari za dhahabu.

"Wamemuona?"

"Hapana, mama."

Bibi alitoa kijiwe kimoja katikati ya maharage, akakitupa uani, akaendelea kuchambua.