Ala Isiyo na Muhuri

Kwenye karakana yangu bastola huingia ikiwa wazi. Ukivuka kizingiti unafungua silinda ya risasi, unaonyesha matundu matupu, ndipo tunasalimiana. Hata askari wa wanyamapori anajua hivyo, na siku akijisahau namrudisha nje akaanze upya. Kwa hiyo Orrin Teague alipoingia sikumkimbilia kumsaidia, ingawa roho iliniuma. Aliibana bastola yake kwenye kwapa la kulia, la ule mkono uliokufa, akahangaika na kitufe kwa vidole vya kushoto mpaka silinda ikalala nje.

"Tupu," akasema, akihema.

"Tupu," nikaitikia. "Karibu, mzee. Umekonda kama kamba ya kiatu."

"Na wewe umenenepa, Verla. Afadhali nyama haikupotea, imehama tu."

Nyuma yake binti yake Joleen alicheka, lakini macho yake hayakucheka. Alikuwa amebeba mfuko wenye ala kuukuu ya baba yake, ile ngozi ya kuchomekea bastola, niliyoiomba ili niipimie mkanda.

Kiharusi kilimpata Orrin theluji ilipokuwa inayeyuka. Mdomo ulirudi, mguu ukarudi, mkono wa kulia ukagoma. Kwa mtu mwingine ingekuwa ni shukrani kubwa hivyo hivyo. Lakini Orrin ni mtu wa bastola. Hapa mjini kwetu Challis wengi huwinda kwa bunduki ndefu, wanampiga ayala akiwa ng'ambo ya bonde kisha wanaanza kuulizana ameangukia wapi. Mtu wa bastola humnyemelea mpaka amsikie akitafuna. Nusu ya wanaowinda hivyo katika bonde letu walifundishwa na Orrin, na wote huvaa ala nilizoshona mimi.

Sasa yeye na Joleen walikuwa na mapatano. Orrin akiweza kuvaa ala mwenyewe, akaichomoa bastola na kuirudisha pasipo mkono wa mtu mwingine kugusa chochote, basi vuli hii atapanda mlimani na Joleen atamfuata nyuma. Akishindwa, bastola inakwenda kwa mpwa wake huko Boise, na yaishe.

"Nimeahidi," Orrin aliniambia. "Ndiyo maana sipendi kuahidi. Maana mimi nikiahidi, natimiza."

Nilikuwa nimemshonea ala ya kifuani, yenye mikanda ya mabegani, ya mkono wa kushoto. Nilikata ngozi ya mgongo wa ng'ombe, sehemu iliyo bora kuliko zote. Ngozi nililowesha, nikaikanda juu ya bastola yangu iliyo sawa na yake mpaka kila pembe ikajichora, kisha nikaiacha ikauke taratibu mbali na jiko. Ala ya kushoto hukatwa kwa kigezo kile kile cha kulia, ila unakigeuza kabla ya kuchora. Ukikosea upande, umetengeneza ala ya mkono usio wake na ngozi imekwenda na maji. Kila fundi wa kazi hii amewahi kukosea hapo. Mimi nilikuwa najisifu kwa wenzangu kwamba sijawahi hata mara moja.

Na kazi ile niliifanya kwa moyo wote, kwa sababu bila Orrin nisingekuwa na karakana. Mume wangu Merrill ndiye aliyekuwa fundi. Mimi nilikuwa nampakia uzi nta na kumkaripia akichafua meza. Barabara ya barafu ilimchukua majira ya baridi, na baada ya mazishi nilibandika karatasi mlangoni kwamba vitu vinauzwa. Orrin akaja, akaibandua, akaiwashia sigara yake. Akaniambia anataka ala ya kiunoni, na anataka nimshonee mimi.

Nilishona nikilia. Mishono ilikwenda upogo kama njia ya mbuzi, na nilipomaliza sikuipiga muhuri, kwa kuwa muhuri uliokuwepo ulikuwa wa Merrill nami sikutaka kumwaibisha marehemu. Orrin aliitia kwenye mkanda wake, akaiweka kiuno cha kulia, mpini wa bastola ukaelekea mbele, tumboni, badala ya nyuma kama wa watu wote. "Safi," akasema. "Mpini mbele, kama askari wa farasi wa zamani, vile vile nilivyokuagiza." Mimi kichwa changu siku hizo kilikuwa ukungu mtupu. Alisema aliniagiza hivyo, nikaamini.

Aliivaa tangu hapo. Kuchomoa bastola iliyokaa hivyo kwa mkono wa kulia inabidi uupinde kiwiko na kugeuza kiganja nje, na watu walimcheka, wakampa jina la Jenerali. Yeye alikuwa akiwajibu, "Kazi ya Verla hii. Nendeni naye awashonee na nyinyi." Wakaja. Ndivyo nilivyopata mkate wangu.

Basi tukaanza jaribio. Orrin alipitisha mkono wa kushoto kwenye mikanda ya ala ya kifuani, ikaingia vizuri. Upande wa kulia ukamshinda. Bega lile lililolegea lilikuwa limeshuka, na mkanda ukawa unateleza kila anapouinua. Akauma mkanda kwa meno. Akaegemea ukuta akijaribu kuubana kwa mgongo. Buli la kahawa likachemka, likapoa, na bizimu ya mkanda bado ilikuwa inaning'inia nyuma asipoweza kuifikia.

"Baba, pumzika kidogo," Joleen akasema.

"Nikipumzika ndiyo bega litapanda?" Akaivua ala, akaiweka mezani pangu kwa adabu, kama mtu anayerudisha sahani ya watu. "Ni nzuri mno, Verla. Ubaya ni wangu." Kisha akamgeukia binti yake. "Mpigie huyo kijana wa Boise."

Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye kwa kukata tamaa haraka, nikajikasirikia mimi kwa kumshonea mtu mwenye bega bovu ala ya mabegani. "Hapigiwi mtu simu katika nyumba hii," nikafoka. "Mkanda wa suruali unaufungaje?"

"Kwa mkono mmoja. Walinifundisha hospitali."

"Basi tunarudi kiunoni. Keti."

Nikatungua kutoka msumarini kigezo cha zamani cha Merrill, cha ala ya kiunoni. Nikakigeuza upande wa kushoto. Nilitaka kuona tu mpini utakaa wapi, na kwa kuwa meza ilijaa vitu nikakilaza juu ya ile ala kuukuu ya Orrin. Kingo zikalingana. Pindo kwa pindo, mpaka kile kishimo kidogo cha kidole gumba.

Niliangalia mpaka macho yakaniuma. Kwa miaka yote ile niliiona ala ile kiunoni mwake kila wiki, na kwangu ilikuwa ala ya Orrin, basi, haikunijia hata siku moja kuipima. Ilikuwa ala ya mkono wa kushoto. Nilikuwa nimekilaza kigezo kinyume.

"Orrin," nikasema, "siku ile uliniagiza ala ya namna gani?"

Akaanza kulichunguza jiko langu kana kwamba analinunua.

"Mwambie, baba," Joleen akasema. "Husemi? Nitasema mimi. Aliagiza ala ya kawaida, Shangazi Verla. Ya kulia, kama ya kila mtu. Siku aliyorudi nayo alisimama mbele ya kioo akijifunza kuchomoa kwa kujipinda, anatukana mpaka mama akatufukuza watoto tukacheze nje. Mama akamwambia airudishe. Akasema, nikimrudishia hii, yule mwanamke atafunga mlango na hataufungua tena."

Nilikaa juu ya kiti cha kushonea nikalia waziwazi, pua na macho, na wala sikuona haya.

"Haya, umeona?" Orrin akamnung'unikia binti yake. "Umemliza fundi, na kazi haijaisha."

"Kwa nini hukuniambia hata baadaye?"

"Baadaye ningekuambia nini? Nilikuwa nimeshazoea. Na lile jina la Jenerali nilikuwa nalipenda."

Nikajipangusa, nikamsimamisha. Akaivaa ala kuukuu mwenyewe, kiuno cha kulia, mahali pale pale ilipokaa siku zote, na mkanda akaufunga kwa mkono mmoja huku akipiga mluzi kutuonyesha. Nikamwambia atumie kushoto. Mkono ukapita juu ya tumbo, ukaukuta mpini unamtazama, bastola ikatoka bila kujipinda hata kidogo.

Kurudisha ndiko kulikokataa. Mdomo wa ala ulikuwa umelegea kwa uzee, ukijifunga kila bastola ikitoka, nao ulihitaji mkono wa pili wa kuufumbua. "Hiyo ni kazi yangu," nikasema. "Rudini kesho."

Nilikata ukanda kutoka ile ngozi nzuri ya ala ya kifuani, bila kuionea huruma. Nikauzungusha mdomoni mwa ile ala kuukuu, nikatoboa kwa msharasi, nikashona kwa uzi mnene wenye nta, kisha nikaulowesha na kuukanda ukiwa na ile bastola yangu ndani, iliyofungwa plastiki isishike kutu. Ile mishono ya upogo ya zamani sikuigusa. Nilikuwa nasema kwa sauti peke yangu, "Asante, Orrin. Asante, mzee," kila sindano ikipita, na nisingejali hata mtu angechungulia dirishani.

Kesho yake alifungua silinda mlangoni, nikaitikia "tupu", akavaa. Akachomoa. Akarudisha, na bastola ikazama kwenye mdomo uliokaa wazi kama kikombe. Akarudia mpaka Joleen, aliyekuwa amesimama nyuma yake mikono kifuani, akaikunjua mikono.

"Haya," Joleen akasema. "Lakini viatu vyako vya mlimani nakagua mimi."

Orrin aliivua ala, akaigeuza huku na huku kwenye mwanga, akanisogezea mezani.

"Hii hukuipiga muhuri," akasema. "Nimengoja muda mrefu, lakini nilijua utamaliza."

Muhuri wangu ni herufi moja tu, V. Nililowesha kona ya ule ukanda mpya kwa kidole, nikausimamisha muhuri. Orrin akanishikilia ule muhuri kwa mkono wake wa kushoto, nami nikapiga nyundo.