Mgongo wa Mwisho kwenye Benchi

Kila siku saa saba mchana Ernestine alipakua chakula kwa kufuata migongo. Wateja wake wengi walikuwa Warundi wa milimani, ambako mtu mzima hatafuni mbele ya macho ya watu, kwa hiyo benchi refu la mgahawa wake lilielekea ukutani. Mgongo uliopinda kushoto ulikuwa wa mzee Cishahayo, pilipili kidogo. Ule mwembamba ulikuwa wa fundi cherehani, mchuzi mwingi. Ijumaa hiyo alikuwa amefika mgongo wa nne, upawa ukiwa hewani, Lévi alipoingia na karatasi yenye muhuri, akabaki amesimama.

"Mama Erne, barua imetoka Lilongwe. Banataka kupitisha uzio ya depo ya mahindi hapa. Kesho hii mugahawa inabomolewa."

Ernestine akampakulia wa nne. "Ikaa, kula kwanza. Maharagi inapoa."

Lévi, karani wa ofisi ya kambi na mkimbizi wa Bukavu kama yeye, akakaa akala.

Wanaume wasio na sufuria pale kambini Dzaleka, Malawi, walimletea Ernestine mgawo wao wa mahindi na maharagwe, naye akawapikia. Waliopata kazi Lilongwe kwa siri waliendelea kudandia malori kila Jumamosi kuja kula kwake. Walisema maharagwe ya mjini yanashibisha tumbo tu.

Mgongo wa mwisho, pembeni kabisa, ulikuwa wa Épitace, mume wake Mrundi. Épitace alipigwa risasi Machi ya mwaka uliotangulia, kwenye kizuizi cha barabara ya kutoka Bujumbura kwenda Uvira. Mgahawa ulipotimiza wiki tatu, akaanza kuja. Alisema "Amahoro, mama," kama wasemavyo wageni, akakaa, akautazama ukuta. Koti lake la kahawia lilikuwa na tundu chini ya bega. Sahani yake ilirudi imejaa, ila chakula hakikuwa na chumvi hata chembe. Jioni Ernestine alikitia chumvi upya na kukila mwenyewe, amesimama.

Wateja walijua kwamba ni maiti, wakamsogezea nafasi. Kilichowasumbua ni baridi. Ntahomvukiye, mbeba marobota ya tumbaku kule Kanengo, Lilongwe, ndiye aliyekaa karibu naye, akavaa sweta hata kwenye joto la Oktoba.

"Mzee, we unakula kama bibi harusi," alimtania. Épitace akacheka bila kugeuka.

Wasichokijua ni kwamba alikuwa mume wa mtu. Ernestine aliwaambia watu kwamba mume wake alipotea njiani. Hakumwambia yeyote kwamba kwenye kizuizi vijana wenye bunduki walitazama kitambulisho chake cha Zaire, wakamnyooshea Épitace kidole, wakauliza kama wako pamoja, naye akajibu kwamba hamjui mtu huyo. Wakamruhusu Ernestine apite. Hakuwa amemaliza hatua ishirini aliposikia mlio, na hakugeuka. Épitace alikuwa mpole tangu ujana wake. Kwa kuwa mkewe alisema hamjui, alikuja kama mtu asiyejulikana.

Jumamosi benchi lilijaa hadi wengine wakala wamechuchumaa, nyuso ukutani. Ntahomvukiye alikuja na usipa mkavu, samaki wadogo wa ziwani, kutoka soko la Lilongwe, na Ernestine akaupika pamoja na sombe, majani ya muhogo. Walikula polepole. Nje, vijana wa ofisi walikuwa wameshaanza kung'oa nyasi za paa upande wa barabara.

"Mama, hamia Lilongwe, Area 47," alisema Ntahomvukiye. "Kule iko baraza moja ya bure."

"Na ruhusa ya kutoka kambi?"

"Ruhusa tutaomba."

"Nani alishaomba akapata?"

Ntahomvukiye akarudi kwenye usipa wake.

Lévi akaingia na daftari. Kila mwanaume asiye na sufuria alipaswa kuandikwa kwenye jiko la nyumba fulani, la sivyo jina lake lingefutwa kwenye orodha ya mgawo. Mzee Cishahayo aliandikwa kwa binti wa dada yake. Fundi cherehani hakuwa na mtu. Lévi akapiga mstari, na fundi akaendelea kutafuna.

Kwenye mgongo wa mwisho Lévi alifunga kifungo cha shati. Alieleza kwamba maiti nao huandikwa, sita wameshaandikwa kambini. Hawapati mahindi, lakini nyumba iliyowaandikisha inaruhusiwa kukaa nao. Asiyeandikwa anarudi alikotoka jioni hiyohiyo.

"Huyu nimuandike kwa nani?"

"Andika kwangu," alisema Ntahomvukiye. "Nitavaa sweta mbili."

"Hapana, ndugu yangu," alisema Épitace, akiutazama ukuta. "Mi hapa sijulikane na mutu. Acha niende." Akashika ukingo wa benchi, akaanza kuinuka.

Rundo la nyasi likaanguka ndani, juu ya meko. Ernestine aliliondoa kwa mguu.

"Lévi, andika kwangu."

"Kama mteja?"

Ernestine akaweka upawa chini.

"Anaitwa Épitace. Baliniuliza ku bariere kama niko namujua, nikasema simujue. Nilikuwa namujua. Ni bwana yangu."