Damu ya Saa Nane Mchana

Emiliana alikuwa amefundisha wanafunzi wa maabara kwa miaka kumi na mmoja pale chuoni Dodoma, na katika miaka yote hiyo hakuona somo lililowachosha vijana kama uhakiki wa vipimo. Darubini waliipenda. Kutafuta vimelea vya malaria waliona ndiyo kazi yenyewe. Lakini waambie wachukue damu moja, waipime mara ishirini kwa mashine ileile, kisha wakokotoe majibu yametofautiana kiasi gani, hapo ndipo utaona watu wanaegemea mikono.

"Mashine hata ikija na vyeti kumi," alizoea kuwaambia, "msiiamini mpaka muipime ninyi wenyewe, mahali itakapofanyia kazi."

Oktoba hiyo alipata nafasi ya kuwafundisha kwa kitu halisi. Shirika moja lilikuwa limetoa mashine thelathini ndogo za kupima wingi wa damu, zile za kushika mkononi, ziende kwenye zahanati za vijijini, za upande wa Zuzu na za mbali zaidi. Kabla ya kugawiwa, chuo kiliombwa kizihakiki. Bwana Ernest, makamu mkuu wa chuo, alimkabidhi Emiliana kazi hiyo, naye akaona heri wanafunzi wake kumi na wanane waifanye kama zoezi la darasa.

Alitayarisha damu iliyokwisha muda wake kutoka benki ya damu, akaizimua ifanane na ya mgonjwa aliyepungukiwa damu, akaigawa kwenye vichupa vyenye kofia za zambarau. Mashine kubwa ya maabara iliisoma 6.8. Emiliana akaiandika namba hiyo ubaoni, kubwa, ili kila mmoja ajue analinganisha na nini.

Kwa kuwa maabara kuu ilikuwa na madarasa mengine, walipewa chumba cha zamani nyuma ya stoo, chenye paa la bati na feni iliyokufa siku nyingi. Tisa walipima kuanzia saa tatu asubuhi, tisa wakaingia saa nane mchana.

Majibu yalipokusanywa, ya wanafunzi kumi na saba yalikuwa kati ya 6.6 na 7.0. Ya mmoja yalikuwa kati ya 8.1 na 8.6, yote ishirini. Mmoja huyo alikuwa Zipora, binti kutoka Kibakwe, msichana wa kukaa kiti cha pembeni na kuuliza swali moja kwa muhula.

Emiliana alimwita ofisini.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba. Kaa. Ulikichanganya kichupa kabla ya kuchukua tone?"

"Nilichanganya. Mara nane, kama ulivyosema."

"Ulifuta tone la kwanza?"

"Nilifuta."

"Sasa kwa nini majibu yako yako peke yake?"

"Sijui, Madam. Niliandika kilichotokea kwenye kioo."

Emiliana alimtazama, akashika kalamu nyekundu na kuandika juu ya karatasi: Kosa la mpimaji. Rudia. Hakuona sababu ya kufikiri zaidi. Wengi wape. Jioni hiyo aliandika ripoti kwa majibu ya wale kumi na saba, akahitimisha kwamba mashine zinafaa, akatia sahihi. Jumatano ripoti ilikuwa mezani kwa Bwana Ernest.

Ijumaa asubuhi Zipora alirudi na karatasi mbili.

"Nimerudia, Madam. Hii ni ya jana saa nane mchana." Majibu yalikuwa yaleyale, nane na kitu. Akaweka ya pili juu yake. "Na hii ni ya leo saa tatu. Hukuniagiza, ila niliona nijaribu."

Karatasi ya pili ilikuwa na 6.7, 6.8, 6.8, 6.9. Mkono uleule, mashine ileile.

Emiliana alizibakiza karatasi zote mbili. Saa nane mchana alichukua kipimajoto cha ukutani, akaenda mwenyewe kwenye chumba cha nyuma na kufunga mlango. Bati lilikuwa likilia kwa joto. Kipimajoto kilifika nyuzi thelathini na sita. Akadondosha tone la kwanza kwenye kikaratasi cha kupimia, akakiingiza kwenye mashine: 8.3. La pili: 8.5. Kwa la tatu alijikuta amekwisha kuinua mkono ili alitupe na kuanza upya, akijiambia kwamba pengine hakufuta vizuri. Akasimama hivyo kidogo, mkono hewani. Kisha akaandika 8.4 na kuendelea mpaka ishirini.

Saa kumi aliwaita wale tisa wa zamu ya mchana, Zipora akiwemo.

"Sitamwadhibu mtu," alisema. "Nataka kujua tu. Siku ile, nani aliona nane kwenye mashine?"

Alisimama Raphael, kijana aliyeongoza darasa tangu mwaka wa kwanza.

"Mimi niliona, Madam. Karibu wote tuliona."

"Mbona mkaandika sita?"

"Uliandika ubaoni sita nukta nane. Tukajua tumekosea mahali. Tukasahihisha."

Hakulisema kwa aibu wala kwa ujeuri. Alilisema kama mtu anayeeleza alivyofuata maelekezo, na hilo ndilo lililomchoma Emiliana. Kupika takwimu alikuwa amewakataza tangu siku ya kwanza, tena kwa ukali. Kisha akawawekea jibu mbele ya macho na kuwaomba walitafute.

"Na Zipora mlimwambia nini?"

"Tulimwambia asahihishe," Raphael akajibu. "Alisema hajui asahihishe nini."

Zipora alikuwa akiangalia daftari lake.

Bwana Ernest alikuwa anafunga kabati Emiliana alipoingia. Alimsikiliza hadi mwisho akiwa amesimama.

"Kijitabu cha mashine kinasema inafanya kazi mpaka nyuzi arobaini," alisema.

"Kinasema hivyo."

"Na wewe ulisaini kwamba ni sawa. Ripoti nimeshaituma kwa shirika. Makabidhiano ni Jumatatu, wageni wamealikwa."

"Nilisaini. Naomba kuiondoa sahihi yangu."

Bwana Ernest akakaa. "Tofauti yenyewe ni moja nukta sita. Hatuwezi kuwaandikia tu kwamba wawe makini na joto?"

"Mjamzito mwenye damu sita nukta nane anatakiwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo," Emiliana alisema. "Akifika zahanati mchana, mashine itasema ana nane. Atapewa vidonge na kurudishwa nyumbani. Nesi atakuwa makini na nini? Atasoma kioo, basi."

Nje mtu alikuwa anaburuta viti. Bwana Ernest alingoja mpaka vikanyamaza.

"Watauliza tulikosea vipi. Niseme kosa ni la wanafunzi?"

"Ni langu. Mimi ndiye niliyeandika jibu ubaoni, na nikamkataa mtu aliyeniletea ukweli. Andika hivyo."

Hakuandika hivyo kamili. Aliandika kwamba kumetokea kasoro katika usimamizi wa zoezi, na akapiga simu nyingi siku ya Jumamosi. Makabidhiano yakaahirishwa. Wiki mbili baadaye Emiliana alipata barua ya onyo na jina lake likatolewa kwenye kamati ya uhakiki. Aliisoma barua mara moja, akaiweka kwenye faili. Aliona ni haki, ingawa siku kadhaa alikula chakula cha mchana peke yake kwa kutotaka maswali.

Darasani alieleza yote bila kupamba: alichofanya, alichopaswa kufanya, na jinsi ambavyo majibu yanayofanana ya watu kumi na saba yalimridhisha kuliko ishirini ya mtu mmoja. Zoezi lilirudiwa asubuhi na mchana, kwa vichupa vyenye herufi tu, namba halisi ikiwa imefungiwa kwenye droo yake. Safari hii hakuna aliyelala. Alama za Zipora aliziandika upya mbele yake, na akamwomba radhi.

"Asante, Madam," Zipora alisema. Akabaki amesimama. "Naomba kuuliza. Kati ya karatasi yangu ya asubuhi na ya mchana, tofauti nimeiona kwa macho. Kwa hesabu nitajuaje kwamba ni kubwa kweli, si ya bahati tu?"

Emiliana akavuta kiti cha pili. Hesabu yenyewe iliwachukua hadi kengele ya saa saba.

Februari watengenezaji wa mashine walileta vikaratasi vingine vya kupimia, vya kustahimili joto. Wanachuo walivipima mchana, chini ya bati lilelile. Vilikuwa sahihi hadi nyuzi thelathini na tatu, zaidi ya hapo majibu yakaanza kupanda. Mashine kumi na tisa zikapelekwa kwenye zahanati zenye chumba kisichopata joto kali. Kumi na moja zilirudishwa, na vijiji vilivyozisubiri vikaendelea kusubiri.

Zipora wakati huo alikuwa kwenye mafunzo ya vitendo katika kituo kimoja cha afya wilayani Mpwapwa. Emiliana alimtumia ujumbe kumpa matokeo. Jibu lilikuja baada ya siku mbili: "Asante Madam. Huku nimeuliza mashine yao ya damu ilihakikiwa lini, hakuna anayekumbuka. Nimeomba ruhusa, naanza Jumatatu."