Mizani ya Hewani

Jana usiku, baada ya sala ndefu na somo fupi, niliota nimekuwa upande wa kulia wa wimbo, ule unaosikika kwa sikio la kulia.

Si mwimbaji. Upande wenyewe. Nilikuwa nimemwomba Mungu anifunulie somo la stereo ya pamoja, yaani namna ya kubana pande mbili za wimbo, ambalo Mwalimu Ndelwa wa darasa la jioni alilieleza akiutazama ubao, kana kwamba ubao ndio uliolipa ada. Mungu hujibu maombi. Ila hakuahidi kukujibu ukiwa umekaa kitini.

Upande wa kushoto wa wimbo alikuwa mume wangu, Baba Ambokile. Alikuja na msimamo wake wa wiki nzima: mwanamke mwenye wajukuu hana haja ya kusomea ufundi wa redio, kwa hiyo mwezi ukiisha niache darasa.

"Hata humu umenifuata?" nikamuuliza.

"Wewe ndiye unayeota," akasema. "Mimi nilikuwa nimelala zangu."

Tumesimama hewani, kati ya simu inayotuma wimbo na spika isiyo na waya. Ni barabara nyembamba ya lami. Hakuna mawingu wala malaika, jambo lililonisikitisha kidogo. Mbele yetu kuna mizani kama ile ya kupimia malori. Inaongea.

"Mimi ndimi kodeki," inasema. "Naifunga sauti iwe ndogo, ipite hewani, ifunguliwe ng'ambo. Njia ni finyu. Mkizidisha uzito, nakata. Shusheni vifurushi."

Kumbe tumebeba vifurushi, kila mtu vyake, vya sauti nzito chini na vya sauti nyembamba juu. Mizani inavipima jozi kwa jozi.

"Sauti nzito," inasoma. "Cha baba kinasema: paa linavuja na fundi ni mwongo. Cha mama kinasema: paa linavuja na fundi ni mwongo, na nilikwambia. Hivi vinafanana. Kwa nini nisafirishe paa moja mara mbili? Napeleka mzigo wa katikati, yaani mlivyo kwa pamoja, halafu napeleka tofauti, yaani hiyo 'nilikwambia'. Ni ndogo, inaenea kwenye kibiriti. Ng'ambo watajumlisha wampate mmoja, watatoa wampate mwingine. Hakuna kilichopotea."

Nikasikia somo likiingia kichwani kama maji mtungini. Mwalimu Ndelwa alikuwa amefanya kazi muhula mzima kulizuia.

Jozi iliyofuata, changu kilikuwa zaburi, chake kilikuwa matokeo ya mpira.

"Hapa hamna undugu," ikasema Mizani. "Kila mtu abebe chake. Stereo ya pamoja haitumiki kila kifurushi. Inatumika panapofaa."

"Afadhali," akasema Baba Ambokile.

Ikabaki jozi ya mwisho. Darasa langu.

Mizani ikavipima. "Cha mama kinasema aende. Cha baba kinasema asiende. Uzito uleule, umbo lilelile, kimoja kinasukuma mbele, kingine nyuma. Katikati yake ni sifuri. Tofauti yake ni lori zima, na nafasi iliyobaki njiani ni ya kibiriti kimoja."

"Iache hiyo tofauti," akasema mume wangu. "Tufike na sauti moja, kama Wakristo."

"Sauti ya nani?" nikauliza.

"Ya kichwa cha nyumba. Imeandikwa."

"Haiendi hivyo, baba," ikasema Mizani. "Mbele na nyuma kwa nguvu sawa, ukijumlisha unapata ukimya. Nikiiacha tofauti, ng'ambo darasa la mama halitasikika kabisa. Wala katazo lako halitasikika. Mtakuwa mnatazamana tu."

"Mimi nimeridhika."

Mimi sikuridhika. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeelewa kitu kimoja maishani bila kuelezwa na mwanamume mara mbili, na sasa kinataka kugeuka ukimya. Nikapiga magoti juu ya lami, nikaomba.

Mizani ikatazama kipimo chake. "Sala haina uzito," ikasema. "Endelea."

Nyuma yetu ngoma za wimbo mwingine zinapiga honi.

"Hebu fungueni," ikasema Mizani. "Pengine mmefunga na mawe."

Baba Ambokile akafungua chake shingo upande. Chini ya katazo kulikuwa na ugali uliopoa, umefunikwa kwa sahani.

"Nini hiki?" nikauliza.

"Jioni," akasema, akiangalia viatu vyake. "Nakula peke yangu, Mama Ambokile. Nafunika wa kwako, halafu nakaa nautazama."

"Mbona hukusema?"

"Ungecheka."

"Ningecheka," nikakubali.

Nikafungua changu. Chini ya darasa palikuwa na njia ya kutoka chuoni, giza tupu, na mbwa wa tanuru la matofali wamejipanga kama wazee wa kanisa.

"Huwa napita nikiimba," nikamwambia, "ili wasijue naogopa."

"Wewe? Kuogopa?"

"Mimi."

Mizani ikapima upya. "Upweke wa jioni, pande zote mbili. Huo ni mzigo mmoja wa katikati. Tofauti: huyu ugali, huyu mbwa. Inaenea kwenye kibiriti. Piteni. Na siku nyingine semeni mapema, mmeleta foleni."

Ng'ambo, Spika ilikuwa inapiga miayo. Ikajumlisha, akatokea mume wangu. Ikatoa, nikatokea mimi. Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Baba Ambokile ameketi ukingoni mwa kitanda, anafunga kamba za kiatu kwa uso wa mtu aliyekesha akipakua lori. Hakusema niendelee na darasa. Mtu wa msimamo hawezi kusema jambo kama hilo kabla ya chai.

"Hao mbwa wa tanuruni," akauliza bila kugeuka, "ni wakubwa kiasi gani?"

Habari za mbwa sijawahi kumwambia mtu. Nilimwambia Mungu tu, na Mungu si mmbeya.

"Wakubwa," nikasema. "Uje na fimbo."